Mjomba Alipokuwa Jaji wa Barafu

Guangzhou haina baridi ya kugandisha maji. Ukitaka barafu unainunua kwa muuza samaki, au unakwenda kwenye jengo la maduka ambako wameitandaza chini, kati ya duka la simu na mkahawa wa tambi, na wanakutoza kiingilio uikanyage. Mara ya kwanza kuiona niliidharau. Watu wazima wenye akili zao walikuwa wameshikilia ukuta kama wagonjwa wanaofundishwa upya kutembea, na kwenye ghorofa za juu watu wengine waliegemea vyuma, wanakula, wanawatazama wakianguka. Nilikuwa nimetumwa betri za simu. Nilisimama pale mpaka mjomba akapiga kuuliza kama betri nazitengeneza mwenyewe.

Mjomba ndiye aliyenileta huku. Ana ofisi ya kago Xiaobei, upande wa Dengfeng: chumba kimoja, mizani, rundo la makatoni, na bendera ya Tanzania ambayo jua limeila mpaka kijani imekuwa kama maji ya mchicha. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja wananunua vitu vyao huko sokoni, wanatuletea, tunapima, tunafunga, tunapeleka kwenye kontena. Mimi niliishia darasa la saba, Temeke. Mama akaona badala ya kukaa nyumbani nimekunja miguu, bora nije kumsaidia kaka yake. Kazi yangu ni kufunga mizigo. Kufunga mzigo hakuhitaji maneno, na mimi maneno huwa yananikwama, hasa wakiwapo watu wanaopenda kuyasikia ya kwao.

Xiaobei haiamki mapema. Wateja wetu hukesha wakizungumza na nyumbani, ambako saa ziko nyuma, na ofisi yetu ilikuwa haifunguki kabla ya adhuhuri. Asubuhi hazikuwa na mwenyewe. Nilizichukua mimi. Nilirudi kwenye lile jengo saa ambazo kiingilio ni rahisi na hakuna watu, nikakodi viatu vyenye visu chini, nikashika ukuta kama wale niliowacheka.

Asubuhi kulikuwa na mtu mmoja tu mwingine. Mwanamke wa Kichina, wa umri wa mama yangu au kumzidi, nywele fupi, suruali nyeusi. Mchana alikuwa akifundisha watoto wa matajiri kuruka na kuzunguka, huku bibi zao wamekaa pembeni wameshika chupa za maji ya moto. Asubuhi alikuwa akifanya jambo lake. Alisimama mguu mmoja, akajisukuma mara moja, akazunguka polepole mpaka akarudi alipoanzia, akabadili mguu, akazunguka upande wa pili. Kisha alipita tena juu ya mstari uleule. Akimaliza, aliinama na kutazama alichokichora. Ilikuwa namba nane. Mistari yote ilikuwa imelaliana kama uzi mmoja.

Sikuwahi kuona mtu mzima akifanya kitu polepole namna ile katika mji huu bila kutukanwa na aliye nyuma yake.

Yeye ndiye alikuja kuwa mwalimu wangu. Kichina changu ni cha sokoni, namba na kukataa, na Kiingereza chake kilikuwa haba kuliko changu, basi hatukuwa na haja ya kupiga soga. Alininyooshea kidole mahali mstari ulipopinda. Nilirudia. Akanyoosha tena. Nilipokosea hakucheka, nilipopatia hakupiga makofi. Nilimwita laoshi, mwalimu, kama watoto walivyomwita, na kwa mwaka mzima hilo ndilo lilikuwa karibu neno langu pekee kwake.

Baadaye alinieleza, kwa simu ya kutafsiri, kwamba zamani huo ndio uliokuwa mchezo wenyewe. Zaidi ya miaka mia iliyopita, katika nchi za baridi, mataifa yalikutana juu ya barafu na kushindana kuchora. Kuruka kulikuwa kidogo tu. Mchezaji alichora umbo lake kwa kisu cha kiatu, kisha majaji wenye makoti meusi na kofia ndefu wakashuka, wakainama juu ya mstari, wakatoa alama. Wengine walibuni maumbo yao wenyewe: nyota, misalaba, maua. Siku hizi hakuna anayeshindania hayo. Watu wanataka kurukiwa.

Nilipenda hilo zaidi ya nilivyoweza kumwambia. Mstari kwenye barafu haukuulizi umesoma wapi.

Sasa jengo lile likafika siku ya kuadhimisha miaka tangu lifunguliwe, na meneja wake, ambaye sikuwahi kumwona akikanyaga barafu hata kwa kidole, akataka apate watu wengi. Akaamua kufanya mashindano ya kimataifa ya kizamani. Walitundika mabango ya picha za zamani kuzunguka uwanja wote. Wazungu wenye masharubu, mguu mmoja juu, nyuso zimekazwa kama wanaoapishwa. Wengine wameinama juu ya barafu wakitazama kitu ambacho picha haikukionyesha. Laoshi alinisomea bango moja kwa simu. Lilisema kwamba mabwana wale waliandika sheria nyingi, ila hawakuandika kwamba mwanamke haruhusiwi, kwa sababu haikuwapitia akilini kwamba mwanamke angekuja. Akaja mmoja, akashindana nao, akawa wa pili. Basi wakaketi kikao wakaandika. Sababu zao: sketi ndefu inaficha miguu, majaji hawaoni kazi, na tena jaji anaweza kuwa na mapenzi na mshindani. Mimi nasikia visingizio kila siku, kutoka kwa watu waliojaza mawe ya urembo kwenye mzigo wakaandika nguo za watoto. Lakini hata hao huona haya kidogo.

Ili mashindano yawe ya kimataifa walihitaji wageni. Mji huu una kazi ya namna hiyo: kuwa mgeni. Wanakukodi usimame kwenye ufunguzi wa kiwanda, upige makofi, watu waone kuna uso wa nje. Wazungu hutafutwa kwanza. Lakini juma lile maonyesho ya biashara ya Pazhou yalikuwa yameanza, na kila Mzungu mwenye suti alikuwa ameshakodiwa kule. Ndipo wakala wa kukodi wageni akakumbuka Xiaobei.

Alikuwa kijana mwenye nywele za rangi ya shaba na simu mbili. Aliingia ofisini kwetu, akamtazama mjomba tumbo na kimo kama anayepima kabati.

"Laoban," alimwambia. Hapa kila mwenye meza huitwa bosi. "Unataka kuwa jaji?"

"Jaji wa nini?"

"Barafu. Mashindano ya kimataifa. Unavaa koti, unainama, unatoa namba."

Mjomba alikuwa ameshasikia neno kimataifa, na baada ya hapo hakusikia tena. "Umenikuta," alimwambia. "Mimi macho yangu hayadanganywi. Waulize soko zima la nguo la Shisanhang. Nikigusa nguo najua fundi alikuwa na njaa au ameshiba."

Wakala hakuelewa, akasema OK.

Laoshi ndiye aliyeandikisha jina langu upande wa wachezaji. Wakala alifurahi sana. Alisema nitakuwa yule mwanamke wa zamani aliyekuja kati ya wanaume, kwa hiyo nchi yangu ni Uingereza. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu hilo. Nikasema sawa.

Mchezaji mwingine kutoka kwetu alikuwa kijana wa Kitanzania anayesoma uzamivu kwa ufadhili. Hilo la ufadhili alikuwa akilitaja kabla ya salamu. Alipewa Uswidi. Alikuwa amekanyaga barafu mara chache, zote kwa ajili ya kupiga picha, na alikuwa na nadharia.

"Hii ni fizikia tu," alinieleza siku ya mazoezi, ameshika ukuta kwa mikono miwili. "Msuguano. Ukishaelewa msuguano umemaliza. Wewe umeishia darasa la ngapi, dada?"

"La saba."

"Ah. Si mbaya, si mbaya." Alisema kama anayempa pole mfiwa. Kisha mguu mmoja ukaelewa msuguano kabla ya mwingine, akakaa chini.

Zawadi ya mshindi ndiyo iliyonifanya nisilale. Si medali. Ilikuwa ni asubuhi zote za msimu mzima juu ya barafu, bila kiingilio, pamoja na laoshi kama mwalimu wa mshindi. Na zilikuwa asubuhi zilezile nilizokuwa karibu kuzipoteza, maana mjomba alikuwa amekodi ghala jipya nje ya mji, na malori ya viwandani hushusha mizigo asubuhi. Alitaka niende nikasimame huko. Nilipomwambia habari ya zawadi, na ilinichukua siku kadhaa kumwambia, alikuna shingo akatoa hukumu.

"Ukishinda, asubuhi ni zako mpaka msimu uishe. Neno langu. Ukishindwa unakwenda ghalani, na sitaki kusikia barafu tena ila kwenye juisi."

"Ndiyo, mjomba."

"Na utashinda. Jaji si mimi?"

Kumbe alitaka nishinde kuliko nilivyotaka mimi. Jioni hiyohiyo alikuwa ameshaandika kwenye kundi la simu la wafanyabiashara: mpwa wake atatwaa ubingwa wa kimataifa, na wenye mizigo ya mwezi huu wasisahau anwani ya ofisi. Watu wakajibu mashallah. Mmoja akauliza kama kuna nafasi kwenye kontena.

Laoshi aliniuliza umbo gani la kwangu mwenyewe nitachora. Nilichukua kalamu nikamchorea korosho. Si korosho ya kula. Ile ya kwenye kanga, tumbo pana, mkia umejikunja, na ndani yake korosho nyingine ndogo. Mama ana kanga ya hivyo, nimeifua tangu sijaifikia kamba. Laoshi aliitazama karatasi muda mrefu. Akaigeuza juu chini. Kisha akavaa glavu, akaingia kwenye barafu, akajaribu mwenyewe, akashindwa kwenye mkia. Alirudi akanipa karatasi yangu. Nilijua ameikubali.

Ugumu wa korosho ni mkia. Unafika ukiwa umeshapoteza mwendo, na lazima ukunje mstari kuelekea ndani bila kuweka chini mguu wa pili. Ukiharakisha unapindua tumbo. Ukichelewa unasimama kama mti. Siku ya mwisho ya mazoezi niliufunga mkia mara nyingi kuliko nilivyoukosa, nikaona inatosha kuomba Mungu.

Siku ya mashindano jengo lilikuwa limejaa. Watu walisimama ghorofa zote na vikombe vya chai ya maziwa. Kutoka kwenye spika ulipigwa muziki wa matarumbeta ambao ungefaa kumzika jenerali. Makoti ya majaji yalitolewa na bosi wa kiwanda cha nguo, na kwa ajili hiyo naye alifanywa jaji. Jaji wa tatu alikuwa mwalimu wa piano, Mzungu pekee aliyekosa kukodiwa Pazhou, na uso wake ulionyesha kwamba anajua hivyo. Mjomba alitoka na koti linaloburura, kofia ndefu kama bomba la moshi, na masharubu ya gundi yaliyobandikwa juu ya masharubu yake mwenyewe.

Mimi nilipewa sketi ndefu na kofia ya manyoya. Kofia niliivaa juu ya mtandio. Wakala akasema yule mwanamke wa zamani alipunguza sketi yake ili majaji waone miguu, kwa hiyo nami nionyeshe. Nilikuwa na suruali nyeusi ndani. Niliikunja sketi hadi nusu ya muundi nikaibana kwa pini, nikamtazama mpaka akaenda kusumbua wengine. Kwa hiyo karne nzima na zaidi imepita, na shida bado ni ileile sketi.

Nusu ya mataifa walikuwa vijana wa Kichina wa jengoni, wauza viatu na wapishi, wamevaa vitambaa vya rangi za bendera. Walianguka, walicheka, wakatoka. Sina neno nao. Walijua wanacheza.

Kisha akaja Uswidi. Msomi wetu alivaa suruali iliyoishia magotini na soksi nyeupe, akapungia watu mkono kabla hajafanya lolote. Nane yake ilianza kama nane ikaishia kama kamba ya viatu. Alianguka katikati, akainuka, akapiga saluti. Watu wakashangilia mpaka chai ikamwagika kutoka juu. Umbo lake la kubuni lilikuwa moyo. Aliuchora kwa miguu yote miwili, huku akirudi nyuma kuutengeneza pale ulipokosea, kama mtoto anayefuta kwa mate. Bosi wa kiwanda akampa nne kati ya sita. Mwalimu wa piano, ambaye alitaka kurudi nyumbani, akampa nne.

Mjomba aliinama juu ya ule moyo. Akainua mikono. "Hoo!" alisema, mpaka ghorofa ya tatu wakasikia. "Safi! Mali safi hii! Number one!" Akampa tano.

Nilijiambia anajua anachofanya. Tena hilo ndilo lililonitisha.

Nilikuwa wa mwisho. Sitaeleza sana. Nane ilikwenda. Ilipofika korosho nilisikia watu wa juu wameanza kutazama simu zao, maana hakuna kilichokuwa kinaanguka, na hilo lilinisaidia. Nilijisukuma. Tumbo likafunguka, pana, bila kutetemeka. Niliingia mkia, mwendo ukapungua, ukapungua, nikahisi barafu inataka kunishika, nikainamisha goti tu, na kisu kikajikunja chenyewe mpaka kikagusa mstari. Kisha ile ndogo ya ndani. Nilipotoka nilimwona laoshi ukutani. Alikuwa ameacha kuegemea.

Majaji wakashuka. Bosi wa kiwanda alilipima umbo kwa macho, kama mtu wa nguo anavyopima ua la kitambaa, akafuata mkunjo kwa kidole hewani, akanipa tano. Mwalimu wa piano akapiga magoti, jambo ambalo hakulifanya kwa mwingine, akanipa tano. Ikabaki alama ya mjomba. Hata angenipa nne, zingetosha.

Mjomba aliwasha tochi ya simu. Akamulika korosho yangu upande huu, akamulika upande ule. Akaukwaruza mstari kwa ukucha. Akabetua mdomo. Kisha akasimama, akatikisa kichwa polepole, na mimi nikaujua ule mtikiso. Niliuona Shisanhang kila nilipokwenda naye kununua. Mjomba akikipenda kitu hakisifu. Anakitukana. Anasifu cha jirani kwa sauti kubwa, kile asichokitaka, ili mwenye duka aingiwe na woga. Kile anachokitaka anakiambia kibovu, uzi mbaya, rangi itatoka, anataja bei ya kichekesho, halafu anageuka na kuondoka taratibu, sikio nyuma, akingoja kuitwa.

"Mbovu," alisema mjomba. Akaongeza kwa Kichina, ili wote waelewe, "Bu hao, bu hao." Akainua vidole viwili.

Na akageuka. Akaondoka juu ya barafu hatua ndogondogo, koti linaburura, kofia imelala, shingo imepinda kidogo ili asikie vizuri atakapoitwa.

Hakuna aliyemwita.

Wakala aliandika mbili. Ubao mkubwa ukaonyesha mbili. Watu wakapiga makofi, kwa sababu makofi ndiyo waliyokuja nayo. Mjomba alifika mlangoni mwa uwanja, akasimama, akageuka. Aliona ubao. Sijawahi kuona mtu akirudi mbio juu ya barafu akiwa na viatu vya ngozi.

"Subiri, subiri! Ndiyo kwanza tumeanza!" alimwambia wakala. "Nne. Haya, tano! Last price, tano!"

"Meiyou," alisema wakala. Hakuna. Hilo ni neno la kwanza tunalojifunza sisi sote tukifika mji huu, na mjomba alikuwa amelisikia mara nyingi kuliko jina lake, lakini siku ile alilipokea kama mgeni.

Nilishindwa kwa alama moja. Uswidi ikavishwa medali. Bango moja pale ukutani lilisema kwamba majaji wa kale walikuwa na tabia ya kuwapendelea wachezaji wa nchi zao. Wale walikuwa watoto wadogo. Hakuna hata mmoja wao aliyempenda mtu wa kwao mpaka akamwangusha.

Nyuma ya pazia mjomba alikuwa akijaribu kubandua masharubu ya bandia na ya kweli yakawa yanakuja nayo.

"We mtoto hujui biashara," alisema, macho yanamtoka machozi kwa uchungu wa gundi. "Ningekusifu, wale wawili wangejua nakutaka. Wangekubana. Nilijua tutakwenda kukaa, tunywe chai, tukubaliane bei."

"Bei ya nini, mjomba?"

"Alama! Si ndiyo hiyohiyo? Kila kitu kinaanzia chini. Nani anaanzia juu? Wachina gani hawa wasiojua kupatana?"

Nilikuwa nafungua pini za sketi. Msomi akapita, medali kifuani, ameshafuatwa na mpiga picha.

"Pole, dada," akaniambia. "Umejitahidi sana kwa kiwango chako."

Jumatatu nilikuwa ghalani. Malori yalishusha makatoni ya ndala na majagi ya umeme, nikapima, nikapiga solotepu. Mjomba hakuzungumzia barafu, ila kwa wateja. Kwao alisema mpwa wake ni wa pili kimataifa, na hakuwaeleza wa kwanza alipatikanaje. Walinitazama kwa heshima, wakaniomba nikaze kamba.

Siku ya pili simu ikalia, ujumbe umeingia. Laoshi hajawahi kuwa mtu wa maneno. Alinitumia picha ya uwanja mtupu, barafu haina hata mkwaruzo. Siku iliyofuata akatuma nyingine. Msomi alikuwa hajatokea. Nilimwona kwenye simu, ameweka picha ya medali karibu na picha yake ya joho, na chini ameandika mambo kuhusu kujituma. Asubuhi za msimu mzima alikuwa amezipata, akazitupa kama ganda la ndizi, kwa kuwa hazikupigwa picha. Nilimdharau mara ya kwanza aliponiuliza darasa. Sasa nilimdharau kwa utulivu, kama mtu anayejua kazi yake.

Picha ya tatu ilipokuja, mjomba alikuwa mbele yangu, anaandika namba kwenye katoni kwa kalamu nene. Nilisema kabla sijaogopa.

"Kesho asubuhi sitakuja huku. Naenda kwa laoshi. Saa yake haina mtu."

"Tulikubaliana," alisema bila kuinua kichwa. "Ukishindwa, ghala."

"Nani alinishinda, mjomba?"

Kalamu ilisimama. "Si yule kijana?"

"Yule hakujua hata kusimama."

Sikuwa na maneno mengine. Yalikuwa yameisha. Nikaendelea kuvuta solotepu, nikafunga katoni moja, nikavuta nyingine. Mjomba alinitazama.

"Haya," akasema. "Siku mbili kwa wiki."

Nikavuta solotepu.

"Tatu. Ila Ijumaa hapana, Ijumaa mizigo mingi."

Nilikuwa natafuta mkasi. Ulikuwa umeingia chini ya rundo, nikainama kuutafuta, na nilipoinuka uso wake ulikuwa umeshabadilika, kama nyuso za wenye maduka yeye anapogeuka kuondoka.

"Basi zote! Zichukue zote! Lakini adhuhuri uwe hapa, na usichelewe hata kidogo. Unanikamua, wewe, kama si damu yangu."

Sikuwa nimetaja bei yoyote. Yeye mwenyewe alianzia chini akapanda mwenyewe, peke yake, mbele ya katoni la ndala, na hata leo anawaambia watu kwamba mimi ni mgumu wa kupatana.

Kesho yake nilifika mapema. Laoshi alikuwa amevaa glavu. Hakutaja mashindano, hakusema pole, hakusema hongera. Alinionyesha katikati ya uwanja. Nikachora korosho, kubwa na ndogo yake, nikatoka, nikamwachia nafasi.

Aliinama, mikono magotini, akaufuata mstari kwa macho tangu mwanzo. Tumboni alipita bila kusimama. Kwenye mkia akasimama. Akasogea, akaweka ncha ya kidole mahali padogo sana, ambapo mstari ulikuwa umetikisika, na ambapo si bosi wa kiwanda, si mwalimu wa piano wala mjomba na tochi yake aliyepaona. Ulikuwa umetikisika hata siku ile. Nilijua.

"Hapa," alisema.

Nikarudi mwanzo, nikasimama mguu mmoja.